Breki Ikiwa Ngumu, Anza na Pedeli

Ukitoka Kisarawe mjini kwenda Pugu, barabara inateremka vilimani, na hapo ndipo dereva wa gari la zamani hugundua kuwa mguu wake sasa unafanya kazi iliyokuwa ya gari. Breki zinashika, lakini mpaka akanyage kwa nguvu zake zote. Wengi wenye shida hii hufika gereji za Kibaha, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, wakiwa wameshabadilisha pedi, na wengine hata masta ya breki. Fedha imekwenda na pedeli ni ngumu vilevile. Hili linaniuma, maana mara nyingi kilichoharibika ni kipande cha mpira cha bei ndogo, na gari lenyewe lingekionyesha kama lingepimwa kwanza.

Kazi ya kuusaidia mguu ni ya busta, lile debe jeusi la duara lililo kati ya ukuta wa injini na masta. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinacholigawa vyumba viwili. Injini inanyonya hewa kutoka vyumba vyote na kuacha vakyumu. Ukikanyaga pedeli, vali ndogo inaruhusu hewa ya nje iingie chumba cha upande wa dereva peke yake, nayo inakisukuma kiwambo kuelekea masta. Mbelgiji Albert Dewandre alibuni mfumo huu miaka ya 1920, na kimsingi ndio huohuo ulio kwenye Carina, Noah na Hilux zetu. Nguvu yake ni kubwa. Busta ya inchi 9 ikipata vakyumu kamili inaweza kuongeza msukumo unaokaribia uzito wa kilo 250. Malori makubwa ya barabara ya Morogoro yanatumia breki za upepo. Hayo yana mafundi na vipimo vyake.

Jaribio la kwanza halihitaji hata spana. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu. Ukiwa bado umeikanyaga, washa injini. Pedeli inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta haipati vakyumu au imekufa. Kisha acha injini ingurume dakika moja au mbili, izime, subiri kidogo, halafu kanyaga. Mara ya kwanza pedeli iende mbali kwa ulaini, mara ya pili na ya tatu ibaki juu zaidi. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, vakyumu imetoroka wakati unasubiri. Mwisho, kanyaga injini ikiwa inanguruma, shikilia hapohapo, zima. Kwa nusu dakika pedeli isisogee. Ikiurudisha mguu wako juu, busta inavuja.

Pedeli inayobonyea-bonyea ni habari nyingine: kuna upepo kwenye mabomba. Inayozama polepole hadi sakafuni inaonyesha masta imechoka. Na kama majaribio yote matatu yamepita lakini gari halisimami vizuri, hapo ndipo ukague pedi zilizoungua na kaliper zilizokwama.

Busta ikishukiwa, usikimbilie kununua nyingine. Anza na mpira unaotoka kwenye injini. Joto la miaka linaupasua kwenye ncha, au linauharibu kwa ndani: kwa nje mzima, lakini unapovutwa na vakyumu unajibana na kufunga njia. Uminye kwa vidole urefu wake wote. Palipo laini kupita kawaida ndipo pabovu. Kisha chomoa vali ya njia moja na uipulize kwa mdomo. Pumzi ipite upande mmoja tu. Vali hii ndiyo inayotunza akiba ya vakyumu unapopanda kilima cha Pugu umekanyaga mafuta hadi chini, wakati ambapo injini ya petroli haitoi vakyumu ya kutosha.

Kwenye dizeli, kama Hilux yenye injini ya 2L au 3L, vakyumu hutoka kwenye pampu iliyofungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukilegea, taa ya chaji na ugumu wa breki huja pamoja, na fundi umeme asiyejua hili ataishia kwenye betri. Kwa magari ya njia za vumbi za Maneromango na Mzenga, angalia pia chujio dogo nyuma ya busta, chini ya dashibodi. Likiziba, msaada wa breki unachelewa kuja.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni mafuta ya breki kupungua bila tone kuonekana kwenye magurudumu wala ardhini. Sili ya nyuma ya masta inavuja, na mafuta yanaingia kwenye busta na kukila kiwambo taratibu. Injini ya petroli ikiyanyonya, moshi mweupe unatoka nyuma. Hapo masta na busta vyote vifunguliwe. Ukibadilisha busta peke yake, mpya nayo itaharibika.

Kuna tabia ya kuzima injini mteremkoni ili kubana mafuta. Naomba iachwe. Busta nzima ina akiba ya kukanyaga mara chache tu, na inayovuja huenda isiwe nayo kabisa. Pia busta dhaifu inayovumilika Kibaha, karibu na usawa wa bahari, itakutupa Mbeya: kwenye mwinuko wa mita 1,700 msukumo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano.

Ukinunua busta iliyotumika, Ilala au Kariakoo, mulika ndani yake kwa tochi. Ukiona mafuta ya breki au kutu, iache. Ukishaifunga, kuna fimbo fupi kati yake na masta inayorekebishwa urefu, na wengi huisahau. Ikiwa ndefu mno inaisukuma masta muda wote, hata mguu ukiwa mbali na pedeli. Endesha kilomita chache bila kufunga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Ukihisi joto kali, rudi gereji ifupishwe kabla hujasafiri.