Dagaa wa Ziwa Tanganyika: Ikolojia ya Samaki Mdogo katika Ziwa la Kina Kirefu

Dagaa wanaouzwa katika masoko ya Sumbawanga hupandishwa Uwanda wa Ufipa kutoka Kasanga, Kipili na Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kibiolojia, jina hilo moja hujumuisha spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambazo asili yake ni ziwa hilo pekee, ingawa jamaa zake wengi huishi baharini.

Kina cha ziwa hufikia takriban mita 1,470, lakini sehemu kubwa ya kina hicho haikaliwi na samaki. Oksijeni hufika takriban mita 100 kaskazini na mita 200 kusini; chini ya hapo maji hayana oksijeni. Ndani ya tabaka hilo jembamba, Stolothrissa hushuka mchana ili kuepuka migebuka na samaki wengine walao dagaa, na hupanda usiku kufuata viumbe wadogo waeleao ambao ndio chakula chake. Mwenendo huo ndio msingi wa uvuvi wa taa, unaofanyika zaidi katika usiku usio na mbalamwezi.

Hata hivyo, tabaka la juu hutegemea virutubisho vilivyolundikana kilindini. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye virutubisho huibuka upande wa kusini. Joto linapoongezeka, maji ya juu huwa mepesi zaidi na hayachanganyiki kwa urahisi na ya chini. Hivyo mwani hupungua, na chakula cha dagaa hupungua pia. Utafiti wa O'Reilly na wenzake (2003) ulikadiria kuwa uzalishaji wa mwani umepungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba upungufu huo unaashiria kushuka kwa mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30. Cohen na wenzake (2016), kwa kuchunguza mashapo, walionesha kuwa kupungua kwa samaki kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Matokeo hayo hayaondoi lawama kwa uvuvi uliokithiri. Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei hadi Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Hatua hiyo hupunguza vifo vya samaki, lakini hairejeshi virutubisho katika tabaka la juu. Kwa hiyo, viwango vya uvuvi vinapaswa kupangwa kulingana na uwezo wa ziwa wa sasa, si mavuno ya miongo iliyopita.