Uvimbe wa taya si jino bovu kila mara

Ukirudi nyumbani likizo ukamkuta dogo amevimba taya na meno yanacheza, wote watakuambia ni jino. Mara nyingi ni kweli. Ila ukanda wetu una ugonjwa unaoanza hivyohivyo: limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili.

Jina limetokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, akaanza kuwafuatilia wengine wa aina hiyo. Mwaka 1964 watafiti wa London wakakuta kirusi kwenye sampuli zilizotoka Uganda, kile kinachoitwa Epstein-Barr. Karibu kila mtu anacho bila kuugua. Malaria ya mara kwa mara inachangia, ndiyo maana saratani hii iko zaidi kwenye maeneo ya malaria nyingi.

Kinachotisha ni kasi yake. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu wake, kwa sababu dawa za kemo hushambulia chembe zinazogawanyika haraka. Siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati hutolewa kwa mizunguko, na nyingine huchomwa kwenye uti wa mgongo ili saratani isijifiche kwenye ubongo.

Nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 hupona. Kwetu, mara nyingi ni nusu au pungufu. Mbona? Mtoto anang'olewa jino, anapelekwa kwa mganga, majibu ya maabara yanachelewa. Akifika wodini, uvimbe umeshaingia tumboni, na damu ya kumwongezea haipo. Halafu kuna hili: baada ya mzunguko wa kwanza uvimbe unayeyuka, nauli imeisha, mzazi anaamini mtoto kapona. Chembe chache zilizobaki zinarudi, na safari hii kutibu ni kugumu zaidi.

Kwa hiyo, uvimbe ukizidi kukua ndani ya siku chache, usingoje. Mpelekeni hospitali ya rufaa akatwe kinyama kipimwe. Matibabu yakianza, uliza ni mizunguko mingapi, na familia ipange nauli ya yote. Harusi tunachanga kila wiki. Nauli ya mzunguko wa tatu nayo haitushindi.