Kipimo cha Mama Mjamzito: Tiba au Ushahidi?

Je, ni halali daktari kumpima mgonjwa dawa za kulevya bila ridhaa yake, kisha kuwakabidhi polisi majibu? Mwaka 1989, hospitali moja ya umma mjini Charleston, Marekani, iliafikiana na polisi na waendesha mashtaka: mkojo wa baadhi ya wajawazito ungepimwa kokeini, na waliokutwa nayo wangeweza kukamatwa. Wengine walitiwa mbaroni muda mfupi baada ya kujifungua. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwalinda watoto, nasi hatuibezi nia hiyo.

Hata hivyo, tarehe 21 Machi 2001, katika shauri la Ferguson dhidi ya Jiji la Charleston, Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba kupima namna hiyo bila ridhaa ni upekuzi unaokiuka Katiba. Kokeini haikuhalalishwa, wala madaktari hawakuzuiwa kupima kwa ajili ya tiba. Kilichokataliwa ni kukusanya ushahidi wa jinai katika kitanda cha mgonjwa. Vyama vya madaktari vilikwisha kuonya mbele ya mahakama hiyo: mama anayeogopa pingu hukwepa kliniki, na mtoto aliye tumboni hukosa huduma pamoja naye.