Kiwiko kimevimba kama yai? Soma hii mbele ya kutafuta sindano

Mimi nilisoma kinezi, kwa hiyo kazi yangu ya kila siku ni viungo, misuli na mifupa. Kila wakati wa kuandika TFC na memwari, napataga wanafunzi wanaonionyesha kitu kile kile: ncha ya kiwiko imevimba, iko laini, kama yai chini ya ngozi. Swali lao la kwanza ni moja: «Naweza kuitoboa ili maji yatoke?» Jibu ni hapana. Tuelewe pamoja juu ya nini.

Kwanza, ni nini kinavimba?

Weka kidole kwenye ncha ya kiwiko chako. Unasikia mfupa mara moja, juu pale hakuna nyama katikati. Ili ngozi iteleze vizuri juu ya mfupa, mwili umeweka pale kifuko chembamba chenye maji kidogo sana. Kinaitwa bursa. Mwilini tuko navyo zaidi ya 100, kwenye bega, goti, nyonga na kisigino pia. Kifuko kikiumizwa, kinatengeneza maji mengi na kinajaa. Hiyo ndiyo bursiti ya kiwiko; hospitalini mutasikia pia waganga wakiita igroma.

Maji hayo yako nje ya kiungo chenyewe. Ndiyo maana mwenye bursiti ya kawaida anakunja na kunyoosha mkono karibu kama siku zote, hata kama kukunja mpaka mwisho kunamuuma.

Inatoka wapi?

Waingereza wanaiita kiwiko cha mwanafunzi, na tena kiwiko cha mchimba migodi. Kwetu Kongo majina yote mawili yanatugusa. Mwanafunzi anaegemeza kiwiko juu ya meza ya mbao usiku kucha, kichwa mkononi, macho kwenye kompyuta. Mchimbaji anatambaa ndani ya shimo akitegemea viwiko. Kinachoumiza ni kule kukandamiza mahali pamoja kila siku.

Kuna sababu zingine: kuanguka na pikipiki, kujigonga kwa ukuta, ugonjwa wa jongo, ao rumatizimu. Halafu kuna mikrobe. Inaingia kupitia mkwaruzo mdogo na kugeuza yale maji kuwa usaha. Mara nyingi ni stafilokoki, ambayo watu wengi wanaibeba kwenye ngozi ao puani bila kujua.

Sasa munaona hatari ya sindano. Katika bursiti ya kawaida, maji ya ndani hayana mikrobe. Ukitoboa nyumbani, ao ukimwacha mtu akuchanje na wembe, wewe mwenyewe unafungulia mikrobe mlango. Tena maji yatarudi, juu sababu haijaondoka.

Nilimpokea kijana mmoja aliyechanjwa na jirani wiki moja mbele ya kutetea memwari yake. Alifika na homa, mkono mwekundu mpaka karibu na bega. Alilazwa, kifuko kikafunguliwa na kusafishwa, na siku ya kutetea ikapita yeye akiwa kitandani. Uvimbe wake wa mwanzo, alivyonieleza, haukuwa hata unamuuma.

Ya kufanya nyumbani

Kama uvimbe hauumi sana, hauna joto, na hauna homa:

1. Acha kuegemeza kiwiko. Hii ndiyo dawa yenyewe. Yote mengine inasaidia tu. Ukilazimika kuandika, weka kitambaa kinene ao kipande cha godoro chini ya mkono, ncha ya kiwiko isiguse meza.
2. Weka barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, dakika 15 mpaka 20, mara tatu ao ine kwa siku, zaidi siku za kwanza. Umeme umekatika? Kitambaa cha maji ya baridi ni afadhali kuliko kukanda na maji ya moto.
3. Funga bendeji, lakini isikaze. Vidole vikianza kufa ganzi, ilegeze.
4. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha mara nyingi. Ibuprofeni inasaidia pia, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo ao mimba.

Halafu uvumilivu. Uvimbe unaweza kuchukua wiki nyingi mbele ya kuisha. Kukawia peke yake si alama mbaya.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Usingoje kesho kama ngozi imekuwa nyekundu na ya moto, maumivu yanaongezeka, usaha unatoka, ao uko na homa na kutetemeka. Mwenye kisukari, ao mwenye kinga ya mwili dhaifu, aende mapema hata kama alama ni ndogo. Na kama ilianza kwa kuanguka na mkono hautaki kunyooka, inahitaji radio ya mfupa, juu inaweza kuwa umevunjika.

Pale muganga anaweza kuvuta maji na sindano. Je, si ile ile niliyokataza? Hapana. Yeye anasafisha ngozi, anatumia vyombo visivyo na mikrobe, na maji yanaenda laboratwari kuonyesha kama ni mikrobe, jongo, ao pigo tu. Kutokea hapo anajua dawa gani inafaa. Operesheni ya kutoa kifuko inafanywa kwa wachache, kama mengine yote yameshindwa.

Tafadhali, musinunue vidonge vine vya amoksisilini kwa farmasi ya kando ya barabara mukisema mumejitunza. Stafilokoki nyingi zinaivunja dawa hiyo. Unapoteza feza, na zaidi unapoteza siku, wakati mikrobe inaweza kuingia ndani ya damu.

Najua mfuko wa mwanafunzi, na najua wembe ya jirani haiombi fishi. Lakini hesabu hii ni rahisi: bursiti ya kawaida inatunzwa karibu bure, kwa kitambaa chini ya mkono na subira. Ile yenye mikrobe ndiyo inakula feza ya familia. Kama rafiki yako wa chumba anatafuta sindano usiku huu, mwambie aweke chini, kisha mugusane kiwiko: kama ni cha moto, mutoke pamoja muende hospitali.