Bega la mama ni chombo cha kazi: tulilinde



Kila mara tunaandikaga hapa juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunaongea juu ya chombo ambacho hakiuzwi sokoni na hakina piesi za kubadilisha: bega.

Tukitembelea mashamba tunasikia ba mama wengi wakisema: «Bega linaniuma, usiku siwezi kulalia upande huu.» Wengine wanasema ni uzee, wengine wanafikiri wamerogwa. Mara nyingi sababu iko karibu: ni kazi za nyumbani, zile zinazofanywa mbele ya kwenda shambani na kisha kutoka shambani. Sezoni A inaanza mwezi wa 9, na shule nazo zinafunguliwa mwezi ule ule. Mama akishindwa kuinua jembe, ni nani atachukua nafasi yake? Mara nyingi ni binti anayeondolewa darasani. Kwa hiyo maumivu ya bega si shida ya mama peke yake.

Bega linaumia namna gani?

Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho kinakaa katika kishimo kifupi sana. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka pande zote. Kinachoushikilia ni misuli, pamoja na kano, yaani kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mfupa. Kano moja inapita chini ya mfupa wa juu ya bega. Kila mara unapoinua mkono kupita bega, nafasi ile inapungua na kano inabanwa. Ukirudia mara mamia kila siku, kano inachoka, inavimba, inaanza kuuma. Maumivu yanasikika pembeni ya mkono wa juu, hasa ukiinua mkono au ukilalia upande ule.

Tubadilishe namna ya kufanya kazi

*Kutwanga sombe na muhogo.* Usiinue viwiko kupita mabega. Acha mchi uanguke kwa uzito wake, usiusukume kwa nguvu. Badilisha mkono wa juu kila baada ya mapigo 20 hivi. Kinu kikiwa kirefu kwako, kizike chini kidogo, au simama juu ya jiwe pana lisilotikisika. Mkiwa wawili, mpokezane.

*Kuchota maji.* Litra moja ya maji ni kilo moja, basi bidoni ya litra 20 ni kilo 20. Usiibebe kwa mkono mmoja. Afadhali bidoni mbili za litra 10, moja kila upande. Kuinua bidoni peke yako mpaka kichwani ndiko kunakoumiza sana: omba mtu akutwike. Kama iko chukudu au baisikeli nyumbani, ibebe maji pia, siyo mizigo ya soko tu.

*Kufula na kuanika.* Vikwembe na mashuka mazito yakamuliwe na watu wawili. Kamba ya kuanikia ifungwe kwenye urefu wa kifua au uso, siyo juu ya kichwa.

*Vyombo vya jikoni.* Sufuria kubwa na mfuko wa unga vikae kati ya kiuno na kifua. Vitu vyepesi tu ndivyo vikae juu.

*Jembe.* Jembe butu linadai upige kwa nguvu zaidi, na bega ndilo linalolipa. Linoe mbele ya kwenda shambani. Na siku uliyotwanga sana asubuhi, usiongeze kulima masaa mengi. Changanya: lima kidogo, kisha panda au palilia.

Likishaanza kuuma

Siku mbili au tatu za kwanza, acha ile kazi inayoliumiza, lakini usifunge mkono kwa kitambaa wiki nzima. Bega lisilosogea linakauka, na kulirudisha kunaweza kuchukua miezi. Weka kitambaa chenye maji baridi dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Baadaye, kama bega linakaza, weka kitambaa cha moto kiasi. Usiku lala chali au upande mzima, na mto chini ya mkono unaouma.

Paracetamol ya miligramu 500 inasaidia: mtu mzima anameza kidonge 1 au 2, anangoja angalau masaa 4 mpaka 6, na hapiti vidonge 8 katika masaa 24. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza muganga. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kutoboa tumbo, na zinaweza kudhuru mimba: usizinunue sokoni bila kuuliza. Kuchanja bega kwa wembe hakuponyi kano, kunaweza kuleta maambukizo.

Maumivu yakipungua, fanya mazoezi haya mara mbili kwa siku:

1. Inama, shika meza kwa mkono mzima. Acha mkono mgonjwa uning'inie, uzungushe polepole mara 10 kila upande.
2. Simama mbele ya ukuta, panda kwa vidole mpaka pale maumivu yanapoanza, kisha shuka. Mara 10.
3. Kaa wima, vuta mabega nyuma, hesabu mpaka 5, legeza. Mara 10.

Kama kesho yake bega linauma zaidi, punguza.

Usisubiri, nenda kituo cha afya

- Umeanguka na bega limebadilika umbo, au mkono hauinuki kabisa.
- Bega ni jekundu, limevimba, na una homa.
- Mkono umekufa ganzi au hauna nguvu.
- Bega au mkono unauma pamoja na kifua kubana, jasho na kukosa pumzi: inaweza kuwa moyo. Nenda sasa hivi.
- Mama amekosa damu ya mwezi, tumbo linauma, na ncha ya bega pia: mimba inaweza kuwa nje ya kizazi. Nenda sasa hivi, hata usiku.
- Maumivu yamepita wiki mbili au tatu bila kupungua. Mwenye ugonjwa wa sukari asingoje, bega lake linakauka upesi.

Koperative ifanye nini?

Katika mkutano ujao, tunawaomba muweke swali hili mezani: nyumbani kwetu, nani anachota maji, nani anatwanga, nani anabeba kuni? Kijana mwanaume ana mabega mawili kama dada yake. Baba anayechota bidoni mbili asubuhi hapotezi heshima. Anaokoa siku ya kulima. Na kama akiba ya koperative inaruhusu, zungumzeni juu ya mashini ya kusaga muhogo: faida yake isihesabiwe kwa franka tu, ihesabiwe pia kwa mabega yanayopumzika.

Tunawatakia sezoni njema.