Yungiyungi la Arumu: Lipande Mbali na Nduma

Katika skimu za Kinangop, ambako wakulima walianza kugawiwa mashamba miaka ya 1960, baridi huua maua mengi ya bustani. Yungiyungi la arumu, lile jeupe lililokunjwa kama karatasi ya njugu na lenye kidole cha manjano katikati, hustahimili. Umande ukiganda asubuhi huweza kuunguza majani yake, lakini kiazi kilichomo udongoni huchipua tena. Asili yake ni mabonde ya maji ya Afrika ya Kusini. Kwa hiyo hulipenda hata tope: chini ya tangi linalofurika, kando ya mfereji, au pale mama amwagapo maji ya kuoshea mboga.

Lakini kabla hujapanda, jua kwamba ua hili si yungiyungi hasa. Ni la jamaa ya nduma, na majani na viazi vyake hufanana na vya nduma. Ndani yake mna chembe kama sindano ndogo mno, ambazo huchoma midomo, ulimi na koo hata vikavimba. Aliyepata kuonja nduma mbichi anaijua kidogo habari hiyo. Basi usipande arumu bondeni pamoja na nduma. Mtoto akitumwa jioni kuchimba chakula, gizagiza limeingia, ataleta nini jikoni?

Alama ya kuzitofautisha ni kikonyo cha jani. Kikonyo cha nduma hushika mgongoni mwa jani, ndani kidogo ya ukingo. Cha arumu hushika ukingoni kabisa, pale jani linapogawanyika. Waonyeshe watoto wote nyumbani jambo hili kwa macho, maana maneno peke yake hayatoshi.

Mtoto akitafuna arumu, mpanguse kinywa, asukutue kwa maji, kisha anywe maziwa baridi kidogo kidogo. Usimtapishe. Ulimi ukivimba au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja. Wanyama nao huumia, kwa hiyo majani uliyopunguza usiyatupe penye ndama wala sungura.

Kupanda si kazi kubwa. Chimba shimo la futi 1, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, ufukie kiazi inchi 4 hivi, macho yakitazama juu. Acha futi 1 na nusu kati ya mche na mche. Udongo usikauke. Baada ya miaka michache viazi husongamana na maua huwa madogo. Hapo chimbua, gawanya, upande upya.

Arumu za manjano na za waridi ni habari nyingine. Hizo hazitaki maji yaliyotuama, nazo zipandwe juu ya tuta. Kwa maoni yetu mkulima anayeanza aanze na ile nyeupe.

Ukiona majani yamekuwa manjano na shina limelainika na kunuka, huo ni uozo uletwao na bakteria. Mmea ulioshikwa haponi kwa dawa. Ung'oe wote pamoja na kiazi, uuchome moto, uoshe kisu na jembe kwa maji ya klorini, na mahali pale usirudishe arumu.

Maua ya kuuza kwa arusi, kanisa au mazishi yavunwe asubuhi, ua likiwa limefunguka lakini unga wa manjano haujaanza kuanguka. Usikate kwa kisu. Shika kikonyo chini kabisa, zungusha kidogo, uvute. Hutoka kirefu, na wanunuzi hupenda virefu vilivyonyooka. Tia katika ndoo ya maji papo hapo. Utomvu wake huwasha ngozi, basi osha mikono kabla ya kushika macho au chakula.

Viazi vilivyozidi mpe jirani, ukimweleza habari ya nduma. Usivitupe mtoni. Huko magharibi mwa Australia ua hili lilitoka bustanini likaingia mabondeni, na sasa ni gugu linalosumbua watu kuling'oa.