Moshi Mweusi wa D-4: Tutafute Ugonjwa Kabla ya Kununua Spea

Ndugu msikilizaji, kila msimu wa korosho unapomalizika huku kusini, na fedha za minada zinapowafikia wakulima kupitia vyama vikuu vya TANECU na MAMCU, magari madogo huongezeka barabarani. Ukisimama Masasi mjini chini ya ile milima ya mawe, au ukapanda mpaka Newala karibu na Shimo la Mungu, utayaona. Yametumika Japani kwa miaka, yameshuka bandarini Dar es Salaam, na sasa yanapanda na kushuka Uwanda wa Makonde. Miongoni mwake yapo ambayo mafundi wengi huyakimbia mara tu wasomapo maandishi mafupi juu ya mfuniko wa injini: D-4.

Juma hili napenda tuzungumzie ugonjwa mmoja wa injini hizo, nao ni kuchoma mafuta kupita kiasi. Nimeuchagua kwa sababu humlipisha mwenye gari mara mbili: kwanza kituo cha mafuta, kisha gereji. Na mara ya pili ndiyo inayouma zaidi, maana aghalabu hulipia spea ambayo haikuwa na kosa lolote.

Kwanza tuielewe injini yenyewe. Katika injini ya kawaida ya petroli yenye nozeli, mafuta hunyunyizwa nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, kwa msukumo wa kiasi cha baa tatu hivi. Katika D-4 mafuta hupelekwa moja kwa moja ndani ya silinda, kama ilivyo kwa injini nyingi za dizeli. Lakini ndani ya silinda kuna mgandamizo mkubwa, kwa hiyo injini hii ina pampu ya pili, inayozungushwa na injini yenyewe, yenye uwezo wa kufikisha msukumo wa baa 80 hadi 130. Wazo hili si jipya. Mercedes-Benz walilitumia katika gari lao la 300 SL mwaka 1954. Lililokuwa jipya ni kuliweka chini ya kompyuta na kulileta kwa mtu wa kawaida. Mitsubishi walianza na GDI mwaka 1996, na Toyota wakafuata na D-4 mwaka huo huo.

Ili petroli iungue vizuri, kilo moja yake huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Mafuta yakizidi kipimo hicho, sehemu yake haiungui. Hugeuka masizi, na masizi ndiyo moshi mweusi. Hapa nawaomba tuwe waangalifu na rangi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto mara nyingi ni maji ya rejeta yanayoingia ndani. Mweusi ni mafuta. Dalili nyingine ni harufu kali ya petroli, mdomo wa ekzosi kujaa masizi makavu, plagi kuwa nyeusi kama zimetoka jikoni, injini kutetemeka ikiwa saileni, na tangi kuisha kabla ya safari.

Sasa tufike kwenye kiini. Injini hizi zinaongozwa na kompyuta, ile ambayo mafundi wanaiita kontrol boksi. Ndani ya bomba la ekzosi kuna sensa ya oksijeni inayoiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua, nayo huongeza au hupunguza. Kwa hiyo, kabla ya kufungua nati hata moja, fundi ajiulize swali moja: je, kompyuta inajua kwamba mafuta yamezidi?

Jibu lipo kwenye mashine ya kupimia, katika ile tarakimu ya asilimia inayoonyesha marekebisho ya mafuta. Ikiwa chini sana ya sifuri, tuseme asilimia 20 au 25 kushuka chini, maana yake kompyuta inajua na inahangaika kupunguza, lakini mafuta bado yanapenya kwa njia nyingine. Ikiwa ni sifuri isiyocheza, au iko juu ya sifuri huku moshi mweusi unatoka, basi kompyuta haina habari, au imedanganywa. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na spea za moja hazitibu jingine. Ni kweli kwamba baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hayaelewani na kila mashine. Lakini fundi anayeyajua anaweza kusoma makosa kwa jinsi taa ya injini inavyopepesa.

Tuanze na kompyuta iliyodanganywa. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni kifaa kidogo ambacho mara nyingi hata hakimo ndani ya gari, nacho ni themostati. Iko desturi, na si ya kusini tu, ya fundi kuitoa themostati na kuitupa ili injini isichemke. Mwenye gari anayefikiria kupanda kutoka Masasi hadi uwandani akiwa na abiria na mzigo huona amesaidiwa. La hasha! Themostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, kiasi cha nyuzi 80 hivi. Ukiitoa, injini huchelewa kupata moto, na wakati wa baridi ya Juni na Julai huko Newala inaweza isiupate kabisa. Nayo kompyuta, ikiona maji bado ya baridi, hufanya kama ilivyofundishwa: huongeza mafuta, kama ifanyavyo kila asubuhi unapowasha gari. Tofauti ni kwamba asubuhi hiyo haiishi.

Mtuhumiwa wa pili ni sensa ya joto la maji. Kuipima ni rahisi. Asubuhi kabla ya kuwasha gari, mashine ionyeshe joto linalokaribiana na la hewa. Ikisema nyuzi 5 wakati Masasi kuna nyuzi 25, basi sensa au waya wake umeharibika.

Wa tatu ni ekzosi inayovuja kabla ya sensa ya oksijeni. Bomba likipasuka, au likichomelewa vibaya, hewa ya nje huingia. Sensa huikuta oksijeni na kuiambia kompyuta kwamba mafuta ni machache, nayo huongeza. Hali kadhalika silinda moja ikimisi kwa sababu ya plagi au koili, hewa yake hutoka bila kutumika na kutoa taarifa hiyo hiyo ya uongo. Ndiyo maana ubovu wa koili moja unaweza kuzifanya silinda zote zinywe mafuta.

Watu wengi hukimbilia kulaumu chujio la hewa. Ni kweli kwamba huku huziba mapema, kwa vumbi la mchanga na, kuanzia Juni, unga wa salfa unaopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Katika injini ya kabureta chujio lililoziba hutoa moshi mweusi moja kwa moja. Lakini D-4 hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta kulingana nayo, kwa hiyo dalili yake kubwa ni gari kukosa nguvu. Lisafishwe au libadilishwe, lakini lisifanywe mwisho wa uchunguzi.

Sasa upande wa pili, mafuta yanayopenya ilhali kompyuta inajua. Fungua plagi zote nne uzipange chini kwa mfuatano wake. Ikiwa moja ndiyo nyeusi na tatu ni safi, tafuta kwenye silinda hiyo, pengine nozeli yake inadondosha. Zikiwa zote nyeusi, chanzo ni cha pamoja. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme, na chini ya mkorosho kinafanyika vizuri tu.

Chanzo cha pamoja kinachozisumbua sana injini za D-4 zilizochoka ni ile pampu ya msukumo mkubwa. Sili yake ikilika, petroli huvuja na kuingia kwenye oili ya injini. Vuta stiki ya oili uinuse. Ikinuka petroli, na kiwango kimepanda badala ya kushuka, umempata mhalifu. Petroli hiyo hugeuka mvuke katika oili ya moto, mvuke hupita kwenye mpira wa kupumulia wa injini na kurudi kwenye njia ya hewa, ukaungua juu ya mafuta ambayo kompyuta imekwisha yapima. Ili kuhakikisha, badilisha oili, kisha angalia ile tarakimu. Ikirudi karibu na sifuri kwa siku chache halafu ikaanza kushuka tena, usinunue nozeli. Tengeneza pampu.

Naijua injini moja ya aina hii iliyobadilishiwa plagi, sensa ya oksijeni na nozeli katika gereji tatu tofauti, kila gereji ikianza upya bila kuuliza iliyotangulia ilifanya nini. Hakuna aliyenusa stiki. Siku iliponuswa, oili ilikuwa nyepesi kama maji. Kwa bahati beringi zilikuwa bado nzima, maana oili ya namna hiyo hailindi chuma, na gharama iliyokuwa inakuja ilikuwa ya injini nzima.

Pampu hizi huuawa na nini? Uchakavu, na uchafu. Vyuma vyake vimekaribiana mno, hata chembe ya mchanga kutoka kwenye dumu inatosha kuvikwaruza. Kwa hiyo petroli ya madumu na chupa kando ya barabara si rafiki wa D-4. Uchakachuaji nao tunaukumbuka. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Nunua kituoni, dai risiti, na badilisha chujio la mafuta kwa wakati.

Yapo mambo mawili ya hatari ambayo sitaki niyapite. La kwanza, asifungue mtu bomba la pampu hiyo injini ikiwa inaunguruma au imezimwa sasa hivi. Petroli ya baa 100 hupenya ngozi, na ikigusa ekzosi ya moto ni moto. Nozeli ikitolewa, sili zake ziwekwe mpya. La pili, usiendelee kutembea na moshi mweusi kwa kusema gari bado linakwenda. Mafuta yasiyoungua huungulia kwenye masega ya ekzosi, huyayeyusha na kuiziba njia, na kwa kuwa petroli ya D-4 haipiti juu ya valvu za hewa kuziosha, masizi yanayorudishwa huko huganda.

Wapo wanaoshauri kwamba dawa ya D-4 ni kuing'oa na kuweka injini ya kawaida. Siwabezi. Pampu ikiwa imekwisha na spea haipatikani, huenda hesabu ikaangukia huko. Lakini uamuzi huo uje baada ya uchunguzi, usichukue nafasi yake. Themostati ni kitu cha bei ndogo kuliko injini.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, fundi akikuambia nunua sensa au nozeli, muulize kwa heshima: tarakimu ya marekebisho inasemaje? Plagi zote ni nyeusi au moja? Themostati imo? Oili inanuka nini? Fundi mwenye ujuzi atafurahi kuulizwa. Asiyejibu hata moja, mshukuru, na fedha yako ya korosho ibaki mfukoni.

Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema.